Huruma Iliyokwenda Shule: Habari za Uuguzi wa Wazee



Wasomaji wapenzi, katika mwaka wa Jubilei ni desturi yetu kuzihesabu neema za Mungu. Twahesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, mapadre waliopewa daraja na watoto waliobatizwa. Hesabu hizo ni njema, wala hakuna wa kuzilaumu. Walakini liko jambo moja lisiloonekana upesi katika hesabu, kwa kuwa halina mnara wala kengele, nalo ni mkono wa muuguzi aliyejifunza kumgeuza mzee kitandani asipate kidonda. Habari ya mkono huo ndiyo nitakayoieleza hapa, kwa ajili ya waumini wa Mjimwema, wa Njombe mjini na wa Makambako pia, maana jina hilo liko katika miji yote miwili. Tena kwa ajili ya walimu wanaowalea watoto wetu.

Neno ninalotaka kulionyesha ni hili: huruma peke yake haitoshi kumtunza mzee. Huruma hufungua mlango, lakini elimu ndiyo inayojua la kufanya baada ya mlango kufunguliwa. Tena elimu hiyo haipatikani mara moja ikaisha, kama mtu anunuavyo jembe. Ni kama moto wa jikoni, usipotiwa kuni hufa.

Matunzo ya kale katika Ubena

Hapo kale, katika nchi ya Ubena na kwa jirani zetu wa Ukinga na Upangwa, hapakuwa na nyumba iliyotengwa kwa ajili ya wazee. Mzee alikaa kati ya watoto wake. Mjukuu alilala kwa bibi, akamwashia moto wakati wa baridi, akamletea maji ya kunawa, naye akalipwa kwa hadithi na mafumbo. Aliyekuwa hana mtoto alichukuliwa na mtoto wa ndugu yake, maana kwa desturi yetu huyo naye ni mtoto.

Tusiisifu zamani kupita kiasi. Waliofika umri wa kukosa nguvu kabisa walikuwa wachache, na aliyevunjika nyonga hakuishi siku nyingi. Upendo ulikuwapo, lakini ujuzi wa kuutunza mwili uliochoka ulikuwa mdogo.

Halafu mambo yakaanza kugeuka. Wakati wa utawala wa Waingereza, wanaume wengi wa Njombe walikwenda manamba, yaani kazi ya mkataba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mwaka wa 1944 wenye mashamba waliunda chama chao cha kuandika vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU, na nchi yetu ilikuwa mojawapo ya zile walikotafutwa watu. Wengine walirudi na blanketi na baiskeli, wengine walirudi na kifua kibovu, na wengine hawakurudi kabisa, wakazeekea ugenini mbali na ukoo wao. Ndipo kwa mara ya kwanza watu wa nchi hii wakajua maana ya mzee asiye na mtu. Katika miaka ya 1970 reli ya TAZARA ikapita Makambako, na njia ya vijana kwenda mbali ikazidi kuwa fupi.

Wamisionari na Kanuni ya Mtakatifu Benedikto

Wamisionari Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifika pwani ya nchi yetu mwaka wa 1888. Miaka 10 baadaye, mwaka wa 1898, walianzisha misioni ya Peramiho katika Ungoni. Hawakupata kazi rahisi. Mwaka wa 1905, wakati wa vita ya Maji Maji, Askofu Kasiani Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili, na misioni ya Peramiho ikateketezwa kwa moto. Hata hivyo wenzao walirudi wakajenga upya. Kutoka upande huo wa kusini Injili ilipanda hata nyanda zetu za juu, na mwaka wa 1931 misioni ya Uwemba ikaanzishwa katika Ubena.

Watawa hao walikuja na kitabu kidogo kilichoandikwa katika karne ya 6, yaani Kanuni ya Mtakatifu Benedikto. Sura yake ya 36 yahusu ndugu walio wagonjwa, na sura ya 37 yahusu wazee na watoto. Tazama jambo hili: mtu aliyekuwa akipanga maisha ya sala, kazi na ukimya hakuwasahau wazee. Tena katika sura ya wagonjwa aliagiza wapewe chumba chao na mhudumu wao, mtu mwenye uchaji na bidii. Basi tangu zamani Kanisa lilijua kwamba kumtunza dhaifu ni kazi ya mtu aliyewekwa rasmi, si kazi ya kila apitaye.

Kwa ajili hiyo penye kanisa palikuwa na zahanati. Huko Ndanda, kabla ya Vita Kuu ya Pili, Sista Thekla Stinnesbeck, mtawa wa Tutzing aliyekuwa daktari, aliwatibu watu na kuijenga kazi ya hospitali. Katika Ndanda na Peramiho, na baadaye katika hospitali za nchi yetu kama Lugarawa huko Ludewa na Ikonda huko Makete, masista na mabruda waliwafundisha vijana wa Kiafrika uuguzi. Mwanzoni shule ilikuwa ni wodi yenyewe. Kijana alimfuata sista kutoka kitanda hata kitanda, akaona, akafanya, akasahihishwa. Alijifunza kuchemsha vyombo, kuosha kidonda, kupima homa na kuiandika katika karatasi. Ndugu zetu Walutheri nao wakafanya vivyo hivyo huko Ilembula, wakaunganisha hospitali na shule ya wauguzi.

Mafunzo hayo yalikuwa mazuri, wala hatuna budi kuwashukuru waliotutangulia. Lakini yalilenga adui wa siku zile: malaria, buba, kuhara, kifua kikuu na hatari za uzazi. Mgonjwa aliyetazamiwa alikuwa mtoto, au mama, au mwanamume wa kazi. Aliponywa akaenda zake. Mzee ambaye hatapona, naye haendi popote, bali atakaa mbele ya macho ya muuguzi miaka 5 au 10, hakuwa na somo lake.

Wakoma waliozeeka

Somo hilo lilikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia, yaani kwa njia ya ukoma. Misioni zilikuwa na vijiji vya wakoma, kama Litisha karibu na Peramiho, na Mwena karibu na Ndanda. Wagonjwa waliletwa wakiwa vijana, na wengi walitengwa na jamaa zao kwa hofu. Baada ya Vita Kuu ya Pili dawa ya dapsoni ikaenea, na mwaka wa 1981 Shirika la Afya Duniani likashauri dawa kadhaa zitumiwe kwa pamoja. Ukoma ukawa ugonjwa unaopona.

Lakini, wasomaji wapenzi, vidole vilivyokatika havikuota tena, wala nyayo zilizokufa ganzi hazikurudiwa na hisia. Jamaa nao walikuwa wamekufa au wametawanyika. Basi aliyeletwa akiwa kijana wa miaka 20 akajikuta ni mzee wa miaka 70 katika nyumba ile ile. Mkoma alikuwa amepona, lakini mzee alibaki. Muuguzi aliyefundishwa kugawa vidonge akaona mbele yake mtu asiyeweza kushika kikombe, asiyeona vizuri, ambaye usiku hujikojolea na asubuhi huona haya. Cheti chake hakikumwambia la kufanya.

Hivyo ndivyo nyumba nyingi za wazee katika Tanzania zilivyozaliwa. Serikali imekuwa na makazi ya wazee na wasiojiweza katika mikoa mbalimbali, kama Nunge huko Kigamboni, Fungafunga huko Morogoro, Ipuli huko Tabora, Njoro huko Kilimanjaro, Kolandoto huko Shinyanga na Bukumbi huko Mwanza. Katika baadhi ya makazi hayo wazee walikaa pamoja na watu waliougua ukoma zamani. Huko Unguja, nyumba ya Welezo ilianza kama mahali pa maskini na wakoma chini ya Misioni Katoliki, na masista waliwahudumia huko tangu enzi za masultani. Nyumba hizo zilijengwa kwa sababu fulani, zikaja kutumika kwa sababu nyingine. Paa lilihamishwa kutoka kazi hii hata kazi ile kwa siku moja, lakini ujuzi wa mikono haukuhamishwa upesi hivyo.

Mwaka wa 2003 nchi yetu ilipata Sera ya Taifa ya Wazee, inayomhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na zaidi. Sera hiyo yasema kwamba jukumu la kwanza la kumtunza mzee ni la jamaa yake, na makazi ni kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu. Hilo lapatana na desturi zetu. Lakini maana yake ni kwamba wanaofika katika makazi ndio walio wadhaifu kuliko wote na wapweke kuliko wote. Basi nani anahitaji muuguzi aliyejifunza sana, kama si hao?

Waliojifunza katika nchi nyingine

Yafaa sasa tuangalie nje kidogo, maana jambo hili halikutupata sisi peke yetu. Nchi za Ulaya zilianza na huruma kama sisi, zikachelewa kuipeleka huruma shuleni kama sisi.

Mwaka wa 1839, katika mji wa Saint-Servan huko Ufaransa, mwanamke maskini jina lake Jeanne Jugan alimleta nyumbani kwake bibi mzee kipofu aliyepooza, akampa kitanda chake mwenyewe. Kutoka kitanda hicho lilizaliwa shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambao kazi yao yote ni wazee. Wako katika nchi nyingi, hata Nairobi wana nyumba iitwayo kwa Kiswahili Nyumba ya Wazee. Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alimtangaza Jeanne Jugan kuwa mtakatifu mwaka wa 2009. Huyo ndiye huruma iliyofungua mlango.

Lakini katika nchi ya Uingereza, karibu miaka 100 baada yake, wazee maskini wengi walikuwa wamelazwa katika nyumba za umma, wakiwa na chakula na blanketi, lakini pasipo tumaini. Mwaka wa 1935 daktari Marjory Warren, wa hospitali ya West Middlesex, alipewa wodi za nyumba ya namna hiyo zilizokuwa na watu 714. Wengi walikuwa wamelala kitandani muda mrefu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wamelala. Yeye akawapima mmoja mmoja, akawapanga kwa hali zao, akawafundisha wauguzi kuwaketisha, kuwasimamisha na kuwatembeza. Watu waliodhaniwa kuwa wamekwisha wakainuka, na wengine wakarudi kwao. Halafu akaandika katika majarida ya waganga kwamba utunzaji wa wazee ni elimu yake yenyewe, nayo yapasa kufundishwa. Tazameni: chakula kilikuwapo, vitanda vilikuwapo, hata wema ulikuwapo. Kilichokosekana ni mafunzo.

Mwaka wa 1962 muuguzi Doreen Norton, pamoja na wenzake wawili, alitoa kitabu cha uchunguzi wao juu ya shida za kuwauguza wazee hospitalini, uliofanywa London. Waliangalia vidonda vinavyompata mtu alalaye muda mrefu, katika matako, nyonga na visigino. Siku zile kila muuguzi alikuwa na dawa yake ya kupaka na kusugua. Uchunguzi ulionyesha kuwa jambo lililosaidia zaidi si kusugua, bali ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara ili uzito wa mwili usikandamize mahali pamoja. Kazi iliyoheshimiwa kwa miaka mingi ikaonekana kuwa haina faida kubwa, na wauguzi wazuri wakakubali kujifunza upya.

Norton alitoa pia kipimo ambacho hata mwalimu wa shule ya msingi aweza kukielewa. Mambo matano hutazamwa: hali ya mwili, hali ya akili, kuweza kutembea, kuweza kujigeuza, na kuzuia haja. Kila jambo hupewa alama kutoka 1 hata 4, kwa hiyo aliye mzima kabisa hupata 20. Afikaye 14 au chini yake yumo katika hatari ya vidonda. Tuseme bibi mmoja hali ya mwili wake ni 2, akili yake 3, mwendo wake 2 kwa kuwa hukaa kitini tu, kujigeuza 2, kuzuia haja 3. Jumla ni 12. Basi muuguzi hangoji kidonda kitokee, bali ampangia bibi huyo saa za kugeuzwa tangu siku ile ile. Hakuna mashine hapo, wala umeme, wala fedha nyingi. Iko kalamu, karatasi, na mtu aliyefundishwa.

Mambo ambayo muuguzi wa wazee hujifunza

Mtu aweza kuuliza: je, muuguzi aliyemaliza chuo na kupata leseni, amebakiwa na nini cha kujifunza? Nitataja machache, ili waumini wajue kazi hii ilivyo.

Kwanza, kutambua fadhaa ya akili. Mzee aliyekuwa na akili timamu juzi, naye leo anasema maneno yasiyoeleweka na hamjui mwanawe, mara nyingi ana ugonjwa uliojificha: homa ya mapafu, maambukizo katika njia ya mkojo, kukauka maji mwilini, au dawa isiyomfaa. Huyo apelekwe kwa mganga upesi. Lakini mzee anayesahau polepole kwa miaka ana ugonjwa wa namna nyingine, naye ahitaji subira na utaratibu usiobadilika. Asiyejua tofauti hizo huwaacha wote wawili wakae, akisema, “Ni uzee tu.” Neno hilo fupi limewaua wengi.

Tena ujuzi huo huokoa kwa njia nyingine. Yamesikika katika nchi yetu, hasa upande wa Usukuma, mauaji ya bibi wazee waliosingiziwa uchawi, na macho mekundu yakatajwa kuwa ushahidi. Muuguzi aliyefundishwa aweza kusimama mbele ya jamaa akaeleza kwamba macho hayo yamewekundishwa na moshi wa kuni wa miaka 50, na kwamba kuzungumza peke yake usiku ni ugonjwa wa kusahau. Neno lake hupokelewa, kwa kuwa ana vazi la kazi na elimu.

Pili, dawa. Figo za mzee hazifanyi kazi kama za kijana, kwa hiyo kipimo kinachomponya baba chaweza kumlewesha babu hata aanguke. Mwenye shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya viungo huenda akapewa vidonge kutoka vituo vitatu tofauti. Muuguzi aliyejifunza huvikusanya vyote mezani, huviandika, na kumwuliza mganga kipi kinapingana na kipi.

Tatu, kulisha na kunywesha. Aliyepatwa na kiharusi asilishwe akiwa amelala chali, maana uji waweza kuingia katika mapafu. Huketishwa wima, hupewa kidogo kidogo, na huachwa ameketi kwa muda baada ya kula. Tena mzee hasikii kiu kama kijana, basi maji hayangoji ayaombe.

Nne, baridi yetu. Njombe iko juu sana, na katika mwezi wa Juni na wa Julai wazee huumia. Jiko la mkaa likiwekwa katika chumba kilichofungwa huua kimyakimya kwa hewa yake yenye sumu. Tena asiye na hisia katika miguu huungua asijue. Vitabu vingi vya uuguzi vimeandikwa katika nchi nyingine, hata jambo hili hapa hatuna budi kulifundishana wenyewe.

Tano, heshima. Mzee akipungukiwa na kumbukumbu, Kiswahili alichojifunza ukubwani huweza kumtoka, akabakiwa na lugha ya mama yake. Muuguzi aliyetoka mkoa mwingine akijifunza kumsalimu “Kamwene” kabla ya kumgusa, na kumwita baba au bibi kama wafanyavyo wenyeji, huona mikono iliyokaza ikilegea. Hata kumfunika anapooshwa, na kumtuma mhudumu wa kiume kwa babu na wa kike kwa bibi, ni sehemu ya ufundi, si jambo la hiari.

Sheria, na kikwazo cha kweli

Nchi yetu yayajua haya. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka wa 2010 imeliweka Baraza la Uuguzi na Ukunga kuangalia usajili na leseni, na muuguzi hutakiwa kujiendeleza kitaaluma ili aendelee kustahili leseni yake. Basi kujifunza baada ya chuo si upendeleo wa mkubwa wa kazi, bali ni wajibu wa kazi yenyewe.

Lakini kikwazo kiko mahali pengine. Katika nyumba ndogo ya wazee muuguzi huwa mmoja au wawili. Akienda semina juma moja, nani atashika zamu? Nauli atoe nani? Zaidi ya hayo, kazi nyingi za kugeuza, kuosha na kulisha hufanywa na wahudumu ambao hawakupita chuo, na kwa kawaida wao hawaitwi kwenye semina yoyote. Hivyo elimu hukaa kwenye daftari la mmoja, na mzee hukaa mikononi mwa mwingine.

Dawa ya kikwazo hicho ni ile ile njia ya masista wa kwanza: wodi iwe shule. Kila juma nusu saa itengwe, na somo liwe moja tu, mbele ya kitanda kimoja, muuguzi na wahudumu wote wakiwapo. Juma hili visigino, juma lijalo kulisha, juma la tatu dawa. Aliyekwenda semina asirudi na cheti tu, bali asiifungue kazi yake mpaka amewafundisha wenzake alichopata. Na mara moja moja muuguzi wa nyumba ndogo aende hospitali kubwa akae siku chache wodini, kama Ikonda au Kibena, na wa huko aje kwake aone. Mambo haya hayahitaji jengo jipya.

Kwa nini jambo hili latuhusu hapa

Hesabu ya watu ya mwaka wa 2012 ilionyesha kuwa Tanzania ilikuwa na wazee zaidi ya milioni 2 na nusu, na idadi yao yaongezeka. Lakini Njombe ina sababu yake ya pekee. Uchunguzi wa taifa wa miaka ya 2011 na 2012 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 wa miaka 15 hata 49 mkoani kwetu, karibu 15 walikuwa na virusi vya UKIMWI, kiasi kilichozidi mikoa yote. Hata uchunguzi wa miaka ya 2022 na 2023 ulitutaja tena kuwa wa kwanza. Dawa sasa zawalinda wengi, na Mungu ashukuriwe. Lakini miaka ya kwanza ilikata kizazi cha katikati. Babu na bibi waliwazika watoto wao, wakalea wajukuu kwa jembe lao wenyewe. Wajukuu hao wamekua na kwenda mijini. Sasa wale babu na bibi wamefika umri wa kulelewa, na yule aliyetazamiwa kuwalea yuko makaburini. Jimbo letu lililozaliwa mwaka wa 1968 lina deni kwao, maana ndio walioyajaza makanisa yetu watoto.

Wako waumini wema wasemao, “Katika Jubilei hii tujenge nyumba ya wazee.” Sipingi. Nasema tu kwamba kabla ya tofali la kwanza, aulizwe yule atakayefanya kazi ndani: amefundishwa na nani, na nani atamfundisha tena mwaka ujao? Nyumba bila muuguzi aliyejifunza ni wodi zile za West Middlesex kabla ya 1935. Paa liko, uji uko, na watu wamelala wakingoja kufa.

Basi yako matatu ambayo parokia zetu za Mjimwema zaweza kuyafanya pasipo kungoja fedha nyingi. Kwanza, sehemu ya sadaka ya Jubilei itengwe iwe nauli na posho ya muuguzi aendaye kujifunza utunzaji wa wazee, pamoja na malipo ya yule atakayeshika zamu yake. Pili, jumuiya ndogondogo, ambazo huwatembelea wazee majumbani, zimwalike muuguzi mara moja kwa mwezi awaonyeshe kugeuza, kuosha na kulisha, maana wazee wetu wengi wako nyumbani, wala hawatafika katika makazi yoyote. Tatu, walimu wasaidie kuandika mafunzo hayo kwa Kiswahili chepesi, yabandikwe ukutani karibu na kitanda, kwa kuwa mhudumu asiyesoma Kiingereza asiachwe nyuma. Mwalimu aweza pia kuwaambia watoto wenye akili nzuri kwamba kumuuguza mzee ni kazi ya elimu, si kazi ya aliyekosa nafasi nyingine.

Tangu mwaka wa 2021, kwa agizo la Baba Mtakatifu Fransisko, Kanisa lote huadhimisha Siku ya Mababu na Mabibi na Wazee katika Dominika ya nne ya mwezi wa Julai, karibu na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Kwetu Dominika hiyo huangukia katikati ya baridi. Ingefaa siku hiyo, baada ya Misa, wauguzi waitwe mbele ya altare wabarikiwe pamoja na wazee wao, na sadaka ya mafunzo yao ikusanywe hapo hapo, ili aliyefungua mlango kwa huruma apewe na ujuzi wa kuingia.

Mungu awabariki wauguzi wetu, awape mikono ya upole na akili isiyochoka kujifunza. Amina.